Fahamu: Uchafu ndani ya fuwele na siri ya umeme usiopotea njiani

Juu ya mapaa ya bati huko Abuku, wilayani Koboko, paneli ya jua si jambo geni tena. Mchana hujaza betri. Usiku betri hiyo huwasha taa, huchaji simu na kuendesha redio. Kwa miaka mingi eneo la West Nile halikuwa limeunganishwa na gridi ya taifa ya Uganda. Mji wa Arua na viunga vyake ulitegemea jenereta na, kuanzia mwaka 2012, mtambo mdogo wa maji wa Nyagak wilayani Zombo, wenye uwezo wa megawati 3.5. Katika mazingira kama hayo, umeme unaopotea njiani na kugeuka joto ndani ya waya ni hasara inayomgusa kila mtumiaji.

Kiini cha paneli hiyo ni silikoni, na silikoni hiyo si safi. Imetiwa uchafu kwa makusudi: chembe za boroni upande mmoja na za fosforasi upande wa pili. Bila uchafu huo, paneli isingetoa umeme wenye manufaa. Lakini silikoni hiyo hiyo, ikishindiliwa boroni kupita kiasi cha kawaida na kupozwa sana, hufanya jambo la ajabu zaidi: huacha umeme upite bila kupotea hata kidogo.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo wanafizikia wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka sitini. Uchafu uleule unaoleta umeme ndani ya fuwele huvuruga pia mpangilio wa atomi zake. Je, mvurugiko huo huua umeme usio na ukinzani, au huuacha salama? Makala haya yanaeleza yaliyokwisha kufahamika.

Maneno ya kufahamu kwanza

Kipitishi ni kitu kinachoruhusu umeme kupita kwa urahisi, mfano shaba na aluminiamu. Kihami hukataa kuupitisha. Mfano ni kioo, mpira na almasi safi. Nusu-kipitishi kiko katikati: kikiwa safi na baridi hufanana na kihami, lakini kikitiwa chembe chache za elementi nyingine huanza kupitisha umeme. Silikoni na jerimaniamu zimo katika kundi hili.

Ukinzani ni upinzani ambao umeme hukutana nao ndani ya waya. Ndio unaofanya pasi iwe moto, na ndio unaofanya nyaya ndefu zipoteze sehemu ya umeme kabla haujamfikia mtumiaji.

Supakondakta ni kitu ambacho, kikipozwa chini ya kiwango fulani cha jotoridi, ukinzani wake huwa sifuri. Si kwamba unapungua tu, unatoweka kabisa. Mkondo wa umeme ulioanzishwa katika pete ya supakondakta unaweza kuzunguka kwa miaka bila betri wala jenereta.

Mvurugiko ni hali ya atomi kutokuwa katika mpangilio kamili. Hutokea pale atomi ngeni inapokalia nafasi isiyo yake, atomi inapokosekana mahali pake, au kitu kizima kinapoganda bila utaratibu wowote.

Ugunduzi wa Leiden

Tarehe 8 Aprili 1911, katika maabara ya Leiden nchini Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wasaidizi wake walipoza zebaki kwa heliamu ya maji maji. Ilipofika karibu kelvini 4.2, yaani takriban nyuzi 269 za Selisiasi chini ya sifuri, ukinzani wa zebaki ulitoweka ghafla. Kwa kazi yake juu ya baridi kali Onnes alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913, lakini sababu ya jambo lile haikujulikana.

Ilichukua miaka 46 kuipata. Mwaka 1957, John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer, wakiwa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, walionyesha kwamba katika baridi kali elektroni huacha kutembea moja moja na kuungana jozi jozi. Elektroni kwa kawaida hufukuzana, kwa kuwa zote zina chaji hasi. Lakini elektroni inapopita kati ya atomi huzivuta kidogo na kuacha nyuma yake mbonyeo wenye chaji chanya, na mbonyeo huo huivuta elektroni nyingine. Jozi zote kisha hutembea kwa mapigo mamoja, mithili ya wachezaji wa ngoma moja. Kikwazo kimoja hakiwezi kumtoa mchezaji mmoja katika mdundo ambao umati mzima unaufuata. Ndiyo maana ukinzani hutoweka.

Bardeen ndiye mtu pekee aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mara mbili: mwaka 1956 kwa transista, kifaa kinachotegemea nusu-vipitishi, na mwaka 1972 kwa nadharia hii. Hata hivyo, kwa muda mrefu nyanja hizo mbili zilionekana kuwa mbalimbali. Supakondakta zilizojulikana zilikuwa metali zenye elektroni nyingi mno, ilhali nusu-kipitishi kina elektroni huru chache.

Jinsi uchafu unavyoleta umeme

Katika silikoni safi kila atomi imeshikana na jirani zake wanne, na elektroni zote zimefungwa katika vifungo hivyo. Fosforasi ina elektroni moja zaidi ya silikoni. Ikiingizwa, elektroni hiyo ya ziada hubaki bila kazi na inaweza kutoka kutembea. Boroni ina elektroni moja pungufu. Huacha pengo, na pengo hilo nalo huhama kutoka atomi hadi atomi kana kwamba ni chembe yenye chaji chanya.

Atomi ngeni zikiwa chache, kila elektroni hubaki karibu na atomi iliyoileta, hasa katika baridi kali. Zikiongezeka na kukaribiana, elektroni hupata njia ya kutoka moja hadi nyingine, na silikoni hugeuka kuwa kama metali. Kwa fosforasi ndani ya silikoni, mpaka huo hufikiwa kunapokuwa na atomi takriban bilioni bilioni 3.7 za fosforasi katika kila sentimita moja ya ujazo. Idadi hiyo inasikika kuwa kubwa, lakini maana yake ni atomi moja tu ya fosforasi kwa kila atomi 13,000 hivi za silikoni.

Tatizo ni kwamba atomi hizo ngeni hazijipangi kwa mistari kama miche shambani. Huangukia popote, kama mbegu zilizorushwa kwa mkono: hapa zimesongamana, pale pamebaki wazi. Kila atomi inayoleta mbeba umeme mmoja ni kikwazo kipya katika njia ya wabeba umeme wote. Katika metali ya kawaida mtafiti anaweza kuisafisha ili apunguze vikwazo. Katika nusu-kipitishi hawezi, kwa sababu akiondoa uchafu ameondoa na umeme wenyewe.

Kauli mbili za Anderson

Mtu aliyeweka msingi wa kulielewa jambo hili ni Mmarekani Philip Anderson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell. Katika muda wa miaka miwili alichapisha hoja mbili ambazo kwa msomaji wa haraka zinapingana.

Ya kwanza ni ya mwaka 1958. Anderson alionyesha kwamba mvurugiko ukizidi, elektroni hukwama kabisa. Elektroni ina tabia ya wimbi. Wimbi likipita kwenye dimbwi lenye vigingi vichache, huvizunguka na kuendelea. Vigingi vikiwa vingi na vimetapakaa ovyo, mawimbi yanayorudi kutoka kila upande hukutana na kufutana, hata pasiwe na wimbi linalofika mbali. Kitu kilichokuwa kipitishi huwa kihami, ingawa elektroni zake zimo ndani bado.

Ya pili ni ya mwaka 1959, na ilihusu supakondakta chafu. Hapa Anderson alisema kwamba uchafu wa kawaida, usio na sumaku, hauathiri sana jotoridi ambalo supakondakta huanza kazi. Sababu yake ni namna jozi zinavyoundwa. Elektroni mbili katika jozi ni kama watu wawili wanaopita njia moja, mmoja akienda na mwingine akirudi. Kila kisiki anachokutana nacho wa kwanza, wa pili hukutana nacho pia kwa mpangilio wa kinyume. Hata njia ikipindapinda vipi, wawili hao wanaendelea kulingana, na jozi haivunjiki.

Kauli hizo hazipingani, kwani kila moja ina mahali pake. Mvurugiko ukiwa wa wastani, kauli ya 1959 hutawala na jozi husalimika. Mvurugiko ukikaribia kiwango cha kuzikwamisha elektroni, kauli ya 1958 huanza kudai haki yake. Nusu-kipitishi kilichotiwa uchafu hukaa karibu na mpaka huo, na ndiyo maana watafiti wamekipa uzito mkubwa. Mwaka 1977 Anderson alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Nevill Mott na John Van Vleck.

Uchafu wenye sumaku ni sumu

Kuna aina moja ya uchafu ambayo kinga ya jozi haifanyi kazi mbele yake. Kila elektroni hufanana na pia inayozunguka, na katika jozi za kawaida pia hizo mbili huzunguka kwa pande tofauti. Atomi yenye sumaku, mfano chuma au gadolini, huzitendea pia hizo mbili isivyo sawa: moja huivuta, nyingine huisukuma. Ulinganifu huharibika na jozi huvunjika.

Mwaka 1958 watafiti wa maabara za Bell walionyesha kwamba asilimia 1 hivi ya gadolini ndani ya metali ya lanthanamu ilitosha kukaribia kuua kabisa hali ya kupitisha umeme bila ukinzani. Wasovieti Alexei Abrikosov na Lev Gor'kov walieleza hesabu yake mwaka 1960. Kwa hiyo swali si uchafu ni kiasi gani tu, bali pia ni uchafu wa aina gani.

Kutoka nadharia hadi almasi

Mwaka 1964 Marvin Cohen alitabiri kwamba nusu-vipitishi vyenye wabeba umeme wengi vinaweza kuwa supakondakta. Mwaka huohuo watafiti nchini Marekani walithibitisha jambo hilo katika teluraidi ya jerimaniamu na katika titaneti ya strontiamu. Lakini baridi iliyohitajika ilikuwa kali mno, chini ya nusu kelvini, na jambo hilo likabaki kuwa la wataalamu wachache.

Miaka 40 baadaye ulimwengu wa fizikia ulishtuka. Mwaka 2004 kundi la watafiti lililoongozwa na Evgeni Ekimov nchini Urusi, likishirikiana na wenzao wa Los Alamos nchini Marekani, lilitangaza almasi iliyotiwa boroni ambayo ni supakondakta karibu na kelvini 4. Almasi inayochimbwa Mwadui, mkoani Shinyanga nchini Tanzania, tangu mwaka 1940 ni kitu kigumu kuliko vyote katika maumbile, na ikiwa safi ni kihami. Boroni kidogo mno huipa almasi rangi ya buluu, na vito vya aina hiyo ni nadra na ghali. Watafiti hao waliingiza boroni nyingi kiasi kwamba almasi ikawa nyeusi. Waliiumba kwa shinikizo la takriban mara laki moja ya lile la hewa tunayoivuta. Baadaye utando wa almasi uliotengenezwa kwa gesi nchini Japani ulifikia takriban kelvini 11.

Almasi ilipata mafanikio hayo kwa sababu atomi za kaboni ni nyepesi na zimeshikana kwa nguvu. Mtetemo wake ni wa kasi, na mtetemo wa kasi huzisaidia elektroni kuungana jozi.

Mwaka 2006 ikafika zamu ya silikoni. Watafiti wa Ufaransa waliingiza ndani yake boroni nyingi kuliko inavyoweza kupokea kwa njia ya kawaida. Waliyeyusha uso wa silikoni kwa mwanga wa leza palipokuwa na gesi yenye boroni. Uso ukaganda tena haraka mno, kabla boroni haijapata nafasi ya kukimbia. Silikoni hiyo ikawa supakondakta karibu na kelvini 0.35. Mwaka 2009 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walipata matokeo ya jinsi hiyo kwa jerimaniamu iliyotiwa gali, karibu na nusu kelvini.

Ulinganisho wa almasi na silikoni una funzo. Katika almasi, umeme usio na ukinzani huonekana mara tu boroni inapotosha kuigeuza kuwa metali, yaani takriban atomi moja ya boroni kwa kila mia kadhaa za kaboni. Silikoni huwa metali mapema, lakini huhitaji boroni zaidi ya mara mia ya kiwango hicho ndipo iwe supakondakta. Isitoshe, si kila boroni iliyoingizwa ina faida. Atomi mbili za boroni zikishikamana zenyewe kwa zenyewe, haziachi pengo la kubeba umeme. Zimeongeza mvurugiko bila kuleta malipo yoyote.

Mvurugiko unapozidi

Majaribio ya wazi zaidi juu ya mvurugiko mkali yamefanywa katika tando nyembamba. Mwaka 1989, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, utando wa bismathi ulitandazwa hatua kwa hatua katika baridi kali. Ulipokuwa mwembamba sana ulikuwa kihami. Ulipoongezwa kidogo tu ukawa supakondakta. Mpaka kati ya hali hizo mbili ulikuwa karibu na ukinzani wa omu 6,500 kwa kila kipande cha mraba cha utando.

Kwa nini supakondakta hufa inapofika huko? Sababu zilizotajwa ni mbili, na kila moja ina ushahidi wake. Ya kwanza: elektroni zinazotembea kwa shida hushindwa kukwepana, kufukuzana kwake kwa chaji hasi huongezeka, na jozi haziundiki tena. Ya pili ni ya kushangaza zaidi: jozi zipo, lakini zimekwama. Kitu hugawanyika na kuwa visiwa visiwa. Kila kisiwa kina jozi zake na mapigo yake, lakini visiwa havisikilizani. Ni kama ngoma zinazopigwa vijiji vya mbali usiku mmoja: kila kijiji kina mdundo, lakini hakuna ngoma moja. Bila mdundo mmoja, umeme hauvuki kutoka upande hadi upande bila ukinzani.

Mwaka 2011 watafiti waliopima oksidi ya indi kwa ncha ya sindano nyembamba kama atomi walikuta dalili za jozi zilizokwama namna hiyo. Leo inakubalika kwamba njia zote mbili zinawezekana, kutegemea aina ya kitu na jinsi kilivyotengenezwa.

Mvurugiko wenye manufaa

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba mvurugiko ni adui daima. Mashine za hospitali za kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, zijulikanazo kama MRI, kwa kawaida hutumia nyaya za supakondakta za niobi na titani. Sumaku kali hupenya ndani ya nyaya hizo kwa mirija midogo ya nguvu. Mirija ikitembea, umeme hupotea na sumaku huanguka. Watengenezaji huacha kwa makusudi madoa madogo ya titani ndani ya waya ili yaishike mirija hiyo, kama vigingi vinavyoshika kamba za hema. Waya safi kabisa usingefaa.

Hapa Afrika Mashariki inaingia moja kwa moja. Niobi ipo Lueshe katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, Panda Hill karibu na Mbeya, na Mrima Hill katika kaunti ya Kwale nchini Kenya. Heliamu, ambayo hupoza sumaku hizo, ilitangazwa mwaka 2016 kuwa imo katika bonde la Rukwa nchini Tanzania. Malighafi imo katika ardhi ya eneo hili, ilhali mashine zenyewe bado ni chache na ziko zaidi katika miji mikubwa. Kwa mgonjwa wa Koboko, umbali huo una gharama.

Funzo la mwaka 2023

Mwezi Julai 2023 watafiti wa Seoul, Korea Kusini, walidai kupata supakondakta inayofanya kazi katika joto la kawaida la chumba, bila kupozwa. Waliiita LK-99: madini ya risasi yaliyotiwa shaba. Habari ikaenea duniani kote kwa siku chache, zikiwamo ahadi za umeme wa bei rahisi kwa kila nyumba.

Maabara za nchi mbalimbali zilijaribu na hazikufaulu. Kisha chanzo kikapatikana. Sampuli zilikuwa na salfaidi ya shaba, uchafu ambao haukukusudiwa, na ukinzani wa salfaidi hiyo hushuka ghafla karibu na nyuzi 104 za Selisiasi. Mshuko huo ndio uliodhaniwa kuwa dalili ya supakondakta. Watafiti wa Stuttgart, Ujerumani, walipotengeneza fuwele safi za kitu hicho, walikuta kihami.

Kisa hicho kinamfaa yeyote anayesoma tangazo la teknolojia mpya ya umeme. Ukinzani kushuka hakutoshi. Lazima uwe sifuri. Kitu kinapaswa pia kuisukuma nje sumaku, kama Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walivyoonyesha mwaka 1933. Na maabara nyingine, zisizo na maslahi katika dai hilo, zinapaswa kupata jibu lilelile.

Yanayotarajiwa

Hakuna anayetegemea silikoni au almasi yenye boroni ipeleke umeme kutoka Nyagak hadi Koboko. Baridi inayohitajika ingegharimu kuliko umeme wenyewe. Thamani yake iko kwingine. Saketi za kompyuta hutengenezwa kwa silikoni, na baadhi ya kompyuta za kwantamu hutumia supakondakta. Kitu kimoja kinachoweza kufanya kazi zote mbili kingerahisisha ujenzi wake. Aidha, nusu-kipitishi humpa mtafiti nafasi ya kuongeza uchafu kidogo kidogo na kuona ni wapi hasa jozi zinaponea na ni wapi zinapoangamia.

Paneli ya Abuku na almasi nyeusi ya maabara zinatumia elementi moja, boroni, kwa viwango tofauti sana. Katika paneli, chembe chache huamsha silikoni iliyokuwa imelala. Katika almasi, wingi wake hufungua njia isiyo na ukinzani, mradi mvurugiko unaoambatana nao usifike kiwango cha kuzikwamisha elektroni zilezile ulizozileta.